Vijiti Vyekundu vya Ciril

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu uiname kuyafunga kamba maua yako ya dalia na usiinuke tena. Mama alikuita chai mara mbili. Mara ya tatu alitoka na aproni yake, maneno ya kukugombeza yakiwa tayari mdomoni, akakukuta umelala kifudifudi kati ya mashina, kamba bado imezunguka kidole.

Bustani haikungoja. Mtambaazi wa ukutani umekuwa mwekundu kuanzia chini hadi paani, mtufaha umegeuka manjano, na dalia zako za wekundu wa giza zilichanua kwa wingi ambao hatujawahi kuuona. Majirani walisimama nje ya ua wakisifu: "Milka, mwaka huu bustani imejipamba kweli!" Mama alijibu asante bila kuitazama. Anaogopa, Baba. Tunalisema wazi, maana ndiyo sababu tangazo hili la kumbukumbu limekuwa refu kuliko mengine ya ukurasa huu wa gazeti.

Miaka thelathini na minne ulilinda kivuko cha reli cha Podgora, na hata kuku hakukanyagwa katika zamu yako. Nyumbani ulikuwa vilevile. Mfukoni mwako kulikuwa na kamba, kisu na peremende za wajukuu. Aliyesimama kuulizia ua fulani aliondoka na mzizi wake umefungwa kwenye gazeti la zamani, pamoja na maelekezo marefu kuliko aliyoyataka.

Uliyapenda maua ya mwisho wa mwaka, yanayokuja wakati bustani za wenzako zimekwisha kukata tamaa. "Yaliyotangulia yana jua lao," ulikuwa ukisema, "haya yana mimi." Ndiyo maana ukaenda malishoni kuchimba podlesek, ua ambalo wafugaji huling'oa kwa sababu linaua ng'ombe. Linachanua sasa, zambarau, tupu, bila jani hata moja. Majani yake hutoka masika, bila ua, nayo yanafanana na majani ya kitunguu saumu cha msituni, ambayo Mama huyachuma chini ya mtufaha wetu.

"Ciril, una wazimu? Unanipandia sumu kwenye sufuria yangu!"

"Sufuria gani? Nimepanda chini ya mti."

"Na majani yakitoka nitayajuaje?"

"Utaona kijiti chekundu. Kijiti chekundu, treni inapita. Mkono wako usimame hapohapo."

"Na siku usipokuwepo?"

"Nimestaafu reli, Milka. Kwako sijastaafu."

Ukacheka peke yako. Kila mwaka, podlesek zikichanua, kila ua lilipata kijiti chake chenye kichwa chekundu, nacho kilikaa hapo hadi masika yapite.

Kabla ya mazishi, mwanao Gašper aliisafisha bustani ili wageni waikute nadhifu. Alidhani vijiti vile ni vya kuegemeza maua yaliyokwisha kufa. Aliving'oa vyote, akavifunga pamoja, akaviweka bandani kwa heshima. Mama alimwona, akampelekea kahawa. Hatumlaumu. Yeye anajilaumu vya kutosha.

Wiki moja kabla ya Pasaka Mama alichuma kwa kunusa, maana macho yake yalikuwa bado yamevimba kwa kulia. Lakini ukishachuma konzi mbili za kitunguu kile, mikono inanuka, na kila unachokigusa baada ya hapo kinanuka hivyohivyo. Kikapu cha kwanza kilitoka kando ya kijito, cha pili chini ya mtufaha. Alisaga na mafuta, akajaza chupa, akafunika kwa kitambaa chekundu kama kawaida yake. Chupa za kikapu cha pili zilikuwa tisa, na kitambaa chekundu kilikuwa kimekwisha. Akakata shati lako la kazini, lile la bluu.

Mwezi wa nane, siku ya kubariki jiwe la kaburi lako, aliwagawia waliokuja chupa hizo tisa. "Msifungue sasa," aliwasisitiza. "Ngojeni baridi ianze. Hapo ndipo inapokolea."

Binti yako Neža alipofika kutoka Ljubljana mwezi uliopita, alimkuta Mama ameketi chini kwenye majani yaliyoanguka.

"Mama! Umeanguka?"

"Sijaanguka. Hesabu."

"Nihesabu nini?"

"Hesabu hayo maua. Ukimaliza, nisaidie kuhesabu chupa."

Podlesek zilikuwa zimesimama palepale kisu cha Mama kilipopita kabla ya Pasaka.

Chupa nane tumezirudisha. Jirani yako Tončka alileta yake ndani ya mfuko wa mkate. "Milka, nilikuwa nimeshaitoa mezani! Simu yako imenikuta na kisu mkononi!" Alicheka sana, kisha akaomba kiti. Daktari ametuambia kuwa moto hauiondoi sumu ile, wala mafuta, na kwamba ugonjwa wake huanza kama tumbo la kawaida.

Ya tisa alipewa mwanamke mwenye koti la mvua la kijivu, aliyesimama nyuma ya watu wote makaburini na dalia zako za wekundu wa giza mkononi. "Marehemu alinipa mzizi wake," alimwambia Mama. "Akaniagiza niuchimbe kila mwaka mara tu umande ukiganda kuwa jalidi, niuweke ndani. Sijawahi kuacha." Mama akamshikisha chupa. Aliona haya kumuuliza jina. Padri hamjui, na hakuna jirani anayemjua. Wewe ungetutajia mtaa wake, na hata mbwa wake anaitwaje.

Jumatatu asubuhi jalidi ilishuka. Dalia zako zote zimekuwa nyeusi. Mama alizitazama dirishani, akasema, "Basi leo yule naye anachimba." Tangu hapo hajala kitu. Anamwona mawazoni akirudi ndani na vidole vilivyokufa ganzi, akitafuta cha kupaka kwenye mkate. Ni mtu anayefuata maagizo, Baba. Baridi ndiyo hii imeanza.

Vijiti vyako vimerudi bustanini, kila ua na chake. Kimoja Mama amekibakiza juu ya meza ya jikoni.

Wanaokukumbuka ni mkeo Milka, mwanao Gašper, binti yako Neža, wajukuu zako Jakob na Zala, na Tončka wa nyumba ya pili. Hutatutoka moyoni, Baba.

Nawe mama wa dalia, popote ulipo: ni ile chupa yenye kitambaa cha bluu. Tafadhali, usiifungue.