Alikuwa Anakasirishwa na Nini?

Mama,

Kuna mtu amenipa salamu nikuletee, na sijui nitazifikisha vipi ila kwa kalamu. Nitakwambia ni nani. Kwanza nikupe habari za nyumbani, maana najua utaniuliza mbona naanzia katikati.

Baba anaendelea. Amejifunza kupika wali, na anaufunua kila mara kuona kama umeiva, jambo ambalo lingekufanya upige kelele zisikike hadi barabarani. Mimi namtazama tu. Jikoni kwetu Dagoretti kumekuwa kimya, Mama, na hata redio haisaidii.

Sasa kuhusu chuo. Uliniacha na ile ndoto ya kwenda kusoma ng'ambo, na ulijua bila ufadhili hakuna safari. Fomu ya chuo ina sehemu ya kueleza unafanya nini nje ya darasa. Nikakaa saiba, kwenye zile kompyuta za kukodi pale Adams Arcade, nikaijaza hadi ikafurika: chama cha wanyamapori, uandishi wa habari, drama, chama cha Wakristo, hata chama cha hesabu, ambako nilienda mara moja kwa sababu kulikuwa na soda. Nikaipeleka mjini kwa Madam Mwende, yule anayewasaidia wanafunzi kuomba vyuo vya nje. Akaisoma, akavua miwani. "Hizi club kila mtu ako nazo," akasema. "Wewe Saturday ukiamka, kama hakuna teacher na hakuna certificate, unafanya nini?"

Nikamwambia ukweli, kwa aibu kidogo. Tangu nikiwa mdogo, Jumamosi nilikuwa naandika wasifu wa marehemu pamoja na mama yangu.

Akataka kujua kila kitu. Nikamweleza jinsi watu walivyokuja kwetu kila kulipokuwa na matanga, nawe ukaenda kukaa na familia, mimi kando yako nikiandika. Wao walianza na kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto kwa mpangilio, halafu ugonjwa. Uliwasikiliza hadi mwisho, kisha ukauliza swali lako: "Na alikuwa anakasirishwa na nini?" Watu walishtuka, maana marehemu hasemwi hivyo. Lakini ulishikilia kwamba mtu akisifiwa tu, hata mkewe hatamtambua.

Nikamsimulia habari za Mzee Njoroge, aliyekuwa na bucha karibu na machinjio. Jamaa zake wote walisema alikuwa mtu wa watu, basi. Ukasubiri. Mwishowe mjane wake akasema, "Huyo alikuwa anakoroma kanisa, na ukimuamsha anakasirika, anasema alikuwa anaomba." Chumba kizima kikacheka, naye akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Tuliandika hivyo hivyo. Tulipoupeleka mjini River Road kuchapishwa, yule fundi wa mashine aliusoma akacheka hadi karatasi zikakwama.

Madam Mwende akaniambia nifute vile vyama karibu vyote, niandike haya yawe insha yangu. Alinieleza kwamba wanaosoma fomu hizo hawatafuti mtu aliyegusa kila kitu. Wanatafuta kile mtu alichokishikilia muda mrefu, kitu ambacho mtu mwingine hawezi kukiandika akaweka jina lake. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia tumekuzika, akaniuliza, kwa sauti ya chini, wasifu wako wewe niliuandikaje.

Wako aliuandika Mjomba, mimi nikiwa chumbani siwezi hata kusimama. Kanisani ukasomwa kwamba ulikuwa mpole, mnyenyekevu na mtu wa maneno machache. Maneno machache, Mama. Nilimwona Shangazi akigeuza karatasi kuangalia picha, kuhakikisha kwamba hakukosea mazishi. Ungekuwepo ungecheka hadi ushike mbavu. Mimi sikucheka. Niliona kama tumemzika mtu mwingine, na wewe umepotea tu. Iliniuma kuliko jeneza lenyewe.

Madam Mwende alinishauri nitaje kifo chako kwenye insha, kwamba wasomaji wataguswa. Nafasi ile niliitaka sana, na huenda alikuwa anasema kweli. Lakini sikuweza kukufanya tiketi yangu. Kwa hiyo niliandika kazi yetu tu: swali lako, Mzee Njoroge, mashine ya River Road. Sikusema popote kwamba umekufa. Mle ndani ulikuwa unatembea, unauliza, unagombana na fundi kuhusu picha iliyotoka nyeusi. Madam Mwende akasema nimeacha jambo kubwa kuliko yote. Nikamwambia ndiyo, nimeliacha.

Jibu limekuja wiki hii. Wamenichukua, pamoja na ufadhili. Baba alilisoma akiwa amesimama mlangoni, akarudia kulisoma, kisha akaenda nyuma ya nyumba peke yake. Chini kabisa, mtu aliyesoma insha yangu ameongeza mstari kwa mkono wake. Anasema alicheka peke yake ofisini, na ana ombi moja, nikusalimie.

Ndizo hizo salamu, Mama. Huko mbali kuna mtu anayeamini kwamba uko hai, na mimi sina haraka ya kumwambia vingine.

Kabla sijaondoka nakuahidi kitu. Siku tutakayokusanyika kuweka jiwe kwenye kaburi lako, nitasoma wasifu wako upya, na safari hii nitauandika mimi. Sitaanza na tarehe. Jana nilimuuliza Baba ulikuwa unakasirishwa na nini. Alikuwa jikoni. Akatazama sufuria yake ya wali, akarudisha kifuniko polepole, na tukacheka mpaka tukalia.

Sentensi ya kwanza ninayo tayari. Pumzika sasa, Mama.

Binti yako,
Wambui