Herufi Moja Zaidi ya Muriithi

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya kuuma. Nimefungua duka langu la ushonaji hapa Ruring'u, Nyeri, nikiwa na koti juu ya koti. Sketi za shule zimebaki nyingi na vifungo vimeisha. Redio ilikuwa kwenye shindano lao la asubuhi. Mtangazaji anataja herufi tatu, watu wanapiga simu na neno la Kiingereza lenye herufi hizo zikifuatana, wanaeleza maana kwa Kiswahili. Neno refu kuliko yote ndilo linaloshinda. Leo zilikuwa g, h, t. Nikasikia sauti ya Muriithi, mdogo wangu, akipiga kutoka Kerugoya. Straightforwardness. Herufi kumi na tisa. Maana: kusema jambo wazi bila kuzungukazunguka.

Yeye wa kusema hivyo! Mama alikuwa hajamaliza mwaka kaburini, yeye akauza kipande chake cha shamba kimyakimya, jiko la Mama likiwa juu yake. Nilimwambia mbele ya ukoo mzima kwamba sitaki kusikia sauti yake tena. Sikuisikia kwa miaka. Leo imeingia dukani bila hodi.

Nilizima redio.

Jumanne, 15 Julai

Sikuzima. Amepiga tena, ameshinda tena.

Mchezo huu ni wa kwetu. Baba alikuwa mwalimu. Kila jioni alitoa herufi tukisubiri githeri iive, na mwenye neno refu alikaa karibu na moto. Mimi ndiye mkubwa, lakini utoto wangu wote nilikaa upande wa mlango. Bado inaniuma. Ni upuuzi, najua.

Jumatano, 16 Julai

Herufi: p, h, y. Muriithi akatoa physiotherapist. Akaeleza kwamba ni mtu wa kunyoosha viungo, na kwamba yeye mwenyewe anamwona kila wiki kwa sababu ya mguu, tangu alipoanguka kutoka kwenye lori. Mtangazaji akampa pole.

Sikujua habari za mguu. Fundi mzima nimekaa na uzi mkononi, najulishwa hali ya ndugu yangu pamoja na wasikilizaji wengine. Nyambura, mke wangu, amesema nimpigie simu nimjulie hali. Namba yake nilishaifuta. Nikamwambia nitaona.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeshinda nikinong'ona maneno kwenye cherehani. Zipu moja nimeishona kichwa chini. Halafu nikahifadhi namba ya redio kwenye simu. Nyambura alidhani natafuta ya Muriithi, akafurahi. Sikumwambia.

Ijumaa, 18 Julai

Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Herufi zilikuwa c, o, n. Muriithi alipiga mapema. Alisema: "Neno yangu ni reconciliation. Maana ni watu walikosana, wakae tena pamoja. Niko na ndugu yangu mkubwa huko Nyeri. Kama anasikiza, apige."

Nikapiga. Hata sikufikiri. Nilikuwa nimehesabu herufi zake kwa vidole, kumi na nne, na kichwani mwangu kulikuwa na neno la herufi kumi na tano. Mtangazaji akauliza jina, nikasema Baba Ciku wa Skuta, hapa Nyeri, jina langu halisi nikaliacha. Nikatoa reconsideration. Kufikiria jambo upya. Akacheka, akasema nimempita mtu wa Kerugoya kwa herufi moja tu. Halafu akaniuliza: "Na huyo anatafuta ndugu yake huko kwenu. Unamjua?"

Nikasema, "Hapana. Simjui."

Nilishinda. Kwa muda mfupi nilifurahi kama mtoto. Nilisimama kabisa, nikapiga makofi peke yangu dukani. Kisha nikakumbuka kwamba Muriithi anaijua sauti yangu kuliko mtu yeyote aliye hai.

Nyambura alikuwa amefungulia redio nyumbani.

Jumamosi, 19 Julai

Nyambura ameweka chai mezani akatoka.

Jumanne, 22 Julai

Jana Muriithi hakupiga. Leo pia. Mwanamke wa Karatina ameshinda kwa neno fupi, neno ambalo Muriithi angelipita akiwa usingizini. Nilikuwa namngojea. Nilinyamazisha cherehani kila simu ilipoingia. Mteja akaniuliza kama mashine imeharibika.

Mimi ni mtu mbaya. Shamba lilikuwa lake, Baba alimgawia. Jiko lilikuwa limeshaanza kuanguka na hakuna aliyekuwa akilikarabati, mimi nikiwemo.

Alhamisi, 24 Julai

Nimepiga tena. Mtangazaji akanitambua, akaniita bingwa wa Skuta, akauliza neno langu la leo. Nikasema sina neno. Nikasema yule wa Kerugoya ni Muriithi, ni ndugu yangu, na Ijumaa nilidanganya. Nikamwomba Muriithi anisamehe. Mtangazaji akasema asante, akachukua simu nyingine. Mtu wa Embu akashinda.

Simu yangu imekaa juu ya meza ya kukatia kutwa nzima. Amepiga mama mmoja tu, anataka sketi ipunguzwe kiuno.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya kanisa, Wanjiru, mke wa Muriithi, alipiga kwenye simu ya Nyambura. Nikapewa simu. Aliongea taratibu, bila hasira. Mguu unaendelea vizuri kidogo. Alhamisi walinisikia. Muriithi aliomba tu redio izimwe. Wanjiru anasema nimpe muda.

Nikamwuliza kuhusu ile Ijumaa. Akaniambia: "Ile siku aliita watoto wote wakae karibu na redio. Aliwaambia wanyamaze, baba yao mkubwa ataongea."

Nilimshukuru kwa kupiga. Nikamrudishia Nyambura simu yake.