Shamba la Waziri

Kyebando, Kampala

Habuba, bibi yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, na kikohozi cha Mama kimepungua. Jirani yako Zuleika ndiye atakayekusomea barua hii. Nimemwomba asiruke mstari.

Darasani tuliunda baraza la mawaziri. Hakuna aliyetaka Wizara ya Kilimo, kwa hiyo niliichukua mimi. Mwalimu alitueleza kwamba zamani waziri huyu aliulizwa zaidi habari za pamba na kahawa, lakini leo anaulizwa hata kuhusu mbegu bandia na chanjo za ng'ombe. Nilijiandaa vizuri. Olanya, kiongozi wetu wa upinzani, alisimama akasema, "Mheshimiwa wa Mihogo, wewe mwenyewe unalima wapi?"

Nikamjibu, "Bombo, kwa bibi yangu. Likizo iliyopita nilipanda maharage. Wewe je?"

Darasa zima lilicheka, naye akaketi.

Jioni ile Mjomba Jibril alimwambia Mama kwamba shamba lako limepata mnunuzi, na kwamba wewe umekubali. Nilipouliza, Mama alisema mambo ya ardhi si ya watoto.

Lakini shamba ni lako, Habuba, ndiyo maana nakuuliza wewe. Kama umekubali kwa moyo wako, nitanyamaza. Kama bado hujatia dole gumba, tafadhali ningoje. Shule inafungwa Ijumaa, na Mama ameniruhusu kuja. Nataka tupande pamoja msimu huu.

Mjukuu wako akupendaye,
Nabila