Kwa Papa Émile Cikuru, Asiyetaka Kuonjewa

Mwaka umezunguka, Papa, tangu Jumapili ile uliposhuka kutoka vilima vya juu ya Sake ukiwa umeshika kifua, ukakaa kwenye kiti chako hapa Murara, mjini Goma, ukaomba maji, na kabla maji hayajafika ukawa umetuacha.

Kazi yako ilikuwa kutembeza watu. Uliwachukua walimu, vijana wa kwaya, wafanyakazi wa mashirika waliochoka na vumbi la mji, ukawapandisha polepole kati ya migomba mpaka kwenye jiwe uliloliita Kiti cha Padri. Pale ziwa linaonekana lote, volkano ya Nyiragongo inafuka upande wake, na ng'ombe wa watu ni wadogo kama maharage yaliyomwagika. Ulikataza picha mpaka kila mtu akae kimya kwanza. Wapo waliokuita mkali, na hao hao walirudi. "Ninauza kitu chenye si changu," ulikuwa ukisema, "na mpaka leo hakuna mutu amenishitaki."

Vilima vile ni vya kasiksi, divai ya ndizi. Ndizi huivishwa shimoni, hukamuliwa kwa nyasi, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, kisha huachwa zichachuke. Matembezi yako yaliishia nyumbani kwa muzee Sebahire, kwa sababu kasiksi ya mke wake, mama Mukabalisa, ulikubali kwamba inaishinda ya kwenu Bukavu. Kwa mtu wa Bukavu kukubali hivyo si jambo dogo.

Desturi kila mtu anaijua. Mwenye nyumba anaonja mbele ya mgeni. Anavuta kwa mrija, anameza, mgeni anamtazama koo, ndipo kibuyu kinapita. Hata bia ya chupa hufunguliwa mbele ya macho ya anayeinywa. Mahali ambapo kila kifo cha ghafla kinatafutiwa sumu, kuonja ni zaidi ya adabu.

Ndiyo maana maneno ya mwalimu Vanessa, aliyekuwa miongoni mwa uliowatembeza siku ile, yalitua vibaya kwenye kilio chako. Aliyasema bila nia mbaya, sahani ikiwa mkononi: "Sisi wote muzee alituonjea. Papa Émile alimupa kibuyu moja kwa moja."

Mdogo wako Élisée aliweka kijiko chini. "Mumesikia? Wageni anawaonjea, kaka yangu hamuonjei! Mutu mwenye hana kitu cha kuficha anaonja."

Daktari alikuwa amekuonya juu ya presha, na dawa zako tulizikuta kabatini hazijafunguliwa. Huo ni ukweli. Lakini mwili haukupimwa, ukazikwa, na ukweli ukabaki nusu. Nusu ya pili akaijaza Élisée. Muzee Sebahire alipofika kuomboleza na mkungu wa ndizi begani, mama Nsimire, mke wako, peke yake ndiye aliyempa kiti. Mkungu uliozea penye lango. Hatukuugusa.

Séraphine, binti yako mkubwa, anafanya kazi maabara na haamini jambo kwa kuwa limesemwa kwa sauti kubwa. Hata hivyo lile la kibuyu hakuweza kuliruka. Mtu anayemwonjea kila anayeingia, kwa nini akuruke wewe? Kwa mwaka mzima aliligeuza kichwani, na kila alipoligeuza lilikuwa na sura ile ile.

Wakati wa kuondoa kilio, kufunga mwaka wa msiba, ulipokaribia, mama alisema anataka kasiksi ya Mukabalisa mezani. Élisée akasema ikiletwa ataimwaga mbele ya watu wote na kumtaja mtoa sumu kwa jina. Séraphine alielewa maana yake. Neno hilo likishatoka hadharani halirudi mdomoni, na kule vilimani nyumba zimechomwa kwa neno dogo kuliko hilo. Akaamua kupanda mwenyewe kabla ya siku kufika.

Alipita njia yako, amebeba chupa ya maji yake.

"Umekuja na maji?" mama Mukabalisa alimpokea uani, mikono kiunoni. "Mutoto ya Émile anakuja kwangu na maji yake, kama mutu anaenda kuangalia mufungwa?"

"Ni jua, mama."

"Jua gani? Si mawingu haya?"

Muzee Sebahire alileta kibuyu, akavuta kwa mrija, akameza taratibu, akamwelekezea. Séraphine alimtazama koo mpaka mwisho. Hakupokea.

"Muzee, mimi umenionjea. Juu ya nini papa hukumuonjea?"

Muzee akaweka kibuyu chini. "Alinikataza."

"Alifunika kibuyu na mukono," akaingilia mama Mukabalisa. "Hivi! Akasema, 'Sebahire, tangu tunapanda na kushuka, bado unanionjea kama mutu ya barabarani? Mimi si mugeni.' Tangu ile siku huyu akijaribu kuonja, baba yako anasimama, anatafuta kofia, anataka kurudi Goma."

"Ni ninyi wenyewe munasema hivyo."

"Ndiyo vile," akasema muzee. "Ni sisi tunasema. Mwenye angesema tofauti, mulimuzika."

Séraphine alishuka bila kunywa. Alikaa kidogo kwenye Kiti cha Padri. Ziwa lilionekana lote, lakini ushahidi ulikuwa ule ule: maneno ya watu wenye sababu ya kuyasema.

Nyumbani hakumweleza mama alichosikia. Alimuuliza tu, muzee Sebahire alipokuwa akitutembelea, papa alimpa nini.

"Bia," mama akajibu, akiendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo. "Na aibu! Anafungua chupa huku jikoni, anamupelekea wazi. Nikamugombeza: Émile, mutu anafungulia mugeni chupa jikoni? Utatuletea maneno! Akaniambia, 'Nikimufungulia mbele ya macho, atasema nimemufukuza.'"

"Mama, mbona mwaka wote hukusema?"

"Nani aliniuliza? Munauliza yeye alimufanyia papa nini. Hamukuuliza papa alimufanyia yeye nini."

Hilo halithibitishi kilichokuua, Papa. Tunaamini ni presha, na hatuna karatasi ya kuonyesha. Linaeleza tu kwa nini muzee hakuonja, na limetoka pande mbili, moja mlimani, moja jikoni, ambazo hazikupata nafasi ya kupatana.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, muzee alifika na kibuyu. Uani watu wakageuka. Élisée alisimama mlangoni amekunja mikono. Séraphine alikuwa amemweleza yote, naye alijibu kwamba mama ana huruma nyingi. Muzee aliona macho ya watu. Akainama, akashika mrija ili aonje, kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua.

Séraphine akafunika mdomo wa kibuyu kwa kiganja.

"Hapana, muzee. Hapa huonji."

Akauchukua mrija, akanywa yeye kwanza. Kisha mama Nsimire. Muzee Sebahire alitafuta kitambaa mfukoni, akajifuta uso, akasingizia jua. Hakukuwa na jua.

"Mimi nitangoja kesho," Élisée akasema. "Nione kwanza kama mutaamuka."

Watu walicheka, na muzee alicheka kuliko wote. Lakini Élisée hakuwa anatania. Asubuhi yake alipita mapema kuliko kawaida, akamkuta Séraphine anafagia, akamkagua kuanzia kichwa mpaka miguu. Akauliza kama kuna kilichobaki. Kilikuwepo, kimechachuka mno. Akauliza nani atamwonjea. Séraphine akaendelea kufagia. Élisée akakaa kwenye kiti chako, Papa, akakizungusha kibuyu mkononi, akakinusa, akakunja uso, akanywa.

Wanaokukumbuka ni mke wako Nsimire. Watoto wako Séraphine, Darius na Ange. Mdogo wako Élisée. Na, kwa neno la mama, muzee Sebahire na mama Mukabalisa, ambao majina yao hatukuyaweka kwenye tangazo la msiba wako.

Hutasahaulika, Papa, katika nyumba hii, wala kule juu.