Kidonda Kisichouma

Masenge,

Jumamosi ijayo tunaganduka. Mwaka umetimia, familia yote itakusanyika kuvua msiba wako, na baba amenichagua mimi niseme neno mbele ya watu. Anasema wewe dada yake ndiye uliyenilea, na mimi ndiye niliyesoma, basi nani mwingine. Nimekubali. Lakini kabla ya kusema mbele yao, nimekaa hapa kwenye meza uliyokuwa ukiwekea beseni la samaki, nakuandikia wewe kwanza.

Habari za Rumonge si mbaya. Kule kwenye mawese wameondoa ile presse, mashine ya kukamulia, ya kusukuma kwa mikono, wameleta ya mota. Inanguruma kuanzia asubuhi mpaka nasahau ninachofundisha. Ziwa lilipanda likala vibanda vya wauza ndagala, wale dagaa wetu, kisha likarudi nyuma kidogo likaacha mchanga mpaka karibu na barabara. Paka wako amehamia kwa jirani. Simlaumu, maana unajua mwenyewe ninavyosafisha samaki. Kitenge chako cha kijani nakivaa nikiwa peke yangu tu, kwa sababu siku moja baba alinikuta nimekivaa akatoka nje.

Hizo ndizo habari nyepesi. Iliyo nzito inamhusu Mama Aziza, na siwezi kuieleza bila kuanzia kwenye ile jioni ya tishu.

Nadhani unaikumbuka. Nilikuwa nimepewa darasa jipya la biolojia, na somo la kwanza lilikuwa tishu za mwili wa binadamu. Kitabu ni cha Kifaransa, darasani nasema Kifaransa, lakini mimi kitu sikielewi mpaka nikiweze kwa Kiswahili, kile tulichokuja nacho kutoka kambini, ukimbizini Tanzania. Kwa hiyo nilikuwa nakufanya wewe mwanafunzi wangu wa kwanza. Wewe ulikuwa na samaki wawili wa mukeke kwenye beseni na kisu butu, na hukuwa na haraka.

Nikakuambia mwili umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na chembe zinazofanana zikikaa pamoja zikafanya kazi moja, ndiyo tishu. Nikasema ziko aina nne. "Ine tu? Mwili yote hii?" ukauliza, ukajipiga kiunoni, na kiuno chako wakati huo bado kilikuwa kiuno.

Nilianza na tishu ya kufunika. Nikasema ngozi yako ni hiyo, inazuia uchafu na maji, inatoa jasho. Ukampasua samaki, ukanionyesha utando unaoteleza ndani ya tumbo lake ukauliza kama na huu umo. Nikasema umo, maana tishu hiyo inafunika nje na inatandika ndani pia, mdomoni, tumboni, kwenye utumbo ambako ndiko inakopokea chakula. Ukaridhika. Tukaja kwenye misuli, yaani nyama yenyewe. Nikakuambia kuna misuli ya mikono na miguu inayokutii, kuna ya tumbo inayosukuma chakula bila kukuuliza, na kuna ya moyo isiyopumzika tangu mtu yuko tumboni mwa mama yake. "Na haijawahi kuomba konje?" ukasema, yaani likizo, na mimi nikaandika mzaha huo pembeni mwa daftari ili niupeleke darasani.

Tulipofika kwenye tishu ya kuunganisha tuligombana. Mifupa ulikubali, mafuta ulikubali, kano zinazoshika nyama kwenye mfupa ulizikubali. Damu ulikataa. "Damu inafunga nini? Damu iko maji tu." Nikakueleza kwamba imewekwa katika ukoo huo kwa sababu inafika kila pembe, inabeba hewa na chakula, inaunganisha kidole cha mguu na mapafu. Ukaendelea kukwangua magamba. Halafu ukasema, bila kuniangalia, "Basi iko kweli. Weye sikukuzala. Damu ndiyo ilikufunga kwangu."

Nikageuza ukurasa. Ningejua ningejibu.

Ulipokuwa unakata vipande, ukachomoa kwenye uti wa mgongo wa samaki kauzi keupe, laini kama ute. Ukauliza na haka je. Nikafurahi, maana hiyo ndiyo ilikuwa ya nne. Nikasema hiyo ni tishu ya neva, inapeleka habari ubongoni na kurudisha amri: ukikanyaga mwiba, ni uzi kama huo unaosema vuta mguu. Ukamtupia paka. Paka akanusa akaondoka. "Kauzi haka hata paka hakatake," ukasema, tukacheka mpaka jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta kuna nini.

Wiki ileile ulikanyaga kaa la moto.

Nilijua kwa sababu Mama Aziza alikuja mpaka mlango wa shule saa sita mchana, na joto lile. Yule mwenzako wa miaka yote kwenye presse, yeye kwenye ncha hii ya mti na wewe kwenye ncha ile, mkisukuma na kuzunguka kama mnacheza ngoma. Alikuwa na mafuta mpaka kwenye viwiko. Akaniambia, "Mwalimu, masenge yako amekanyaga moto kule kwa mapipa na hakustuka. Alizunguka tu. Ile si ya kawaida. Umuangalie muguu."

Na mimi nikacheka, masenge. Nikamwambia nyayo zako ni ngumu kuliko tairi la lori.

Jioni nikaangalia, maana nilikuwa nimeahidi. Chini ya unyayo, karibu na kidole gumba, palikuwa na tundu kama kizibo cha chupa ya Fanta, kingo zake nyeupe. Nikakuuliza kama inauma. "Haiume hata. Sisikie kitu." Nikasema Mungu ashukuriwe. Hayo ndiyo maneno yangu, nayasikia mpaka leo. Ukapaka mawese, ukafunga kitambaa. Kesho yake Mama Aziza akakuletea sandali za plastiki za bluu, akakukataza kukanyaga chini tena pale kwenye majivu.

Siku mbili baadaye nilikuwa darasani, nimefika kwenye neva. Msichana mmoja wa benchi la nyuma, ambaye huwa hasemi, akainua mkono akauliza: neva ikifa, mtu atajuaje kwamba ameumia? Nikalipenda sana swali lile. Nikamsifu mbele ya wenzake. Nikamjibu kwamba hatajua, na nikaliandika jibu ubaoni kwa chaki, nikalipigia mstari. Kisha nikarudi nyumbani, nikakukuta umekaa umenyoosha mguu, nikakuuliza inauma, ukasema haiume, nikaendelea kusahihisha makopi ya wanafunzi. Jibu nililolipigia mstari lilikuwa limekaa mbele yangu na mguu wake.

Wala si kwamba hakukuwa na dalili nyingine. Ulikuwa unamaliza jagi la maji kabla ya chakula. Blauzi zilianza kukupwaya. Nilisema ni joto. Mtu akitaka kutoona, Rumonge ina joto la kutosha kusingizia kila kitu.

Wiki ya tatu homa ikakuangusha na mguu ukaanza kunuka. Hospitalini daktari alichukua sindano akawa anakugusa unyayo, pole pole, huku na huku. Wewe ulikuwa umegeukia dirishani, unamwangalia mwanamke anayeanika nguo, unaniambia anazikunja vibaya. Hukujua kama unachomwa. Nilisimama pale nikaona yote kwa mara moja. Daktari akasema una kisukari cha miaka mingi, kimekula neva za miguu, na kidonda kimeshafika mfupani. Damu ile niliyokusifia kwamba inafika kila pembe, ilikuwa imeubeba na uchafu wa kidonda hicho mpaka kila pembe. Akaniuliza mbona tumechelewa. Nikamjibu, "Alikuwa haumwi." Siku ya nne ukatuacha.

Sasa sikiliza kilichotokea kwenye matanga yako. Siku ya pili, watu wamekaa kwenye mikeka, mtu mmoja akasema kidonda kisichouma si cha Mungu, ni cha kukanyagishwa uchawi. Mwingine akauliza zile sandali zilitoka wapi. Basi. Hawakuhitaji kusema zaidi. Mama Aziza alikuwa kwenye masufuria yetu, anawapikia watu wako ubugari, na macho yote yakamgeukia. Akafuta mikono, akaweka mwiko chini, akaondoka.

Mimi nilikuwepo, nimekaa hatua tatu tu kutoka kwa aliyesema. Nilikuwa najua kidonda kilitangulia na sandali zikafuata. Nilikuwa najua kwamba yeye peke yake ndiye aliyeona, na ndiye aliyekuja kunionya. Nikanyamaza.

Nimejiuliza mwaka mzima kwa nini, na jibu si zuri. Kumwokoa yeye kulikuwa kunapita kwangu. Ningesema kidonda kilitangulia, wangeuliza nimejuaje, na ningelazimika kusema nilikiona, nilikishika kwa mkono, nikamshukuru Mungu, mimi mwalimu wa biolojia. Na kuna jambo jingine baya zaidi, ambalo nakuambia wewe tu. Kwa siku kadhaa nilitamani iwe kweli. Nilitamani awe ni yeye.

Amelipa yeye. Sokoni watu wanapita kwenye mawese yake wanakwenda kununua ya mwenzake. Ilipokuja presse ya mota walibakiza wanawake wanne, na yeye hakuwemo. Aziza ameolewa, na kutoka mtaa wetu hakwenda mtu. "Kikulacho ki nguoni mwako," ndivyo wanavyosema akipita. Mimi nikimwona njiani nilikuwa nateremsha mwavuli.

Jana nilikwenda kwake. Nilimkuta anapukuchua maharage barazani. Alinikaribisha, lakini kiti hakunipa, nikakaa kwenye kizingiti. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia, hata lile la kutamani. Hakuinua kichwa. Nilipomaliza akasema, "Niko najua. Toka siku ile kwa matanga niko najua kama unajua. Nilikuwa nakungoja weye."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Hapa mu baraza yangu unamwambia nani? Miye sikuua mutu, na miye najua sikuua. Wende ukayaseme kule waliyasemea."

Nililia. Yeye hakulia, aliendelea na maharage yake.

Kabla sijaondoka nilimwomba kitu kimoja, anionyeshe miguu. Aliniangalia sana, kisha akanyoosha. Nikavunja njiti kwenye ufagio, nikamwambia afumbe macho na aseme kila ninapogusa. Nikapita kidole kwa kidole. "Hapo. Hapo. Hapo tena." Kisigino chake kimepasuka vibaya, na nilipogusa pale hakusema kitu. Nikangoja. Nikakandamiza kidogo, akavuta mguu akasema, "Weye, unanichoma." Nikainamisha kichwa nikamshukuru Mungu, safari hii nikijua ninachoshukuria.

Kwa hiyo nakuahidi, masenge. Kila mwaka nikifika kwenye somo la neva, wanafunzi wangu watarudi nyumbani na njiti ya ufagio, wakaguse nyayo za wazazi na bibi zao, na asiyesikia aje kwangu, mimi mwenyewe nitampeleka kupimwa. Hilo ni jepesi.

Zito ni la Jumamosi. Zile sandali za bluu baba aliamuru zichomwe. Sikuzichoma. Zilikuwa kwenye boksi langu la chaki, chini ya kitanda, mwaka mzima. Nitamkalisha Mama Aziza mbele, pamoja na ukoo, na asipotaka kuja nitakwenda kumfuata huku watu wanangoja. Nitasema kidonda nilikiona mimi, kabla ya sandali. Nitasema yeye alikuja shuleni kunionya nikacheka. Baba huenda asinisalimie tena, na wazazi wa wanafunzi watasema watakayosema. Waseme.

Wewe pumzisha nyayo zako. Huko nadhani hakuna presse wala majivu. Nisamehe ukiweza, na kama huwezi, bado mimi ni wako, damu ilishafunga.

Zile sandali nimezivaa sasa hivi, nikiandika. Hivyo ndivyo nitakavyosimama Jumamosi, nimezivaa, wazione wote. Zinanibana kwenye kidole gumba, masenge, na zinauma.

Mwanao,
Jeanine