Ofisi ya Gdansk

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Ofisi ya ng'ambo ya chuo kikuu chetu imefunguliwa. Gdansk, Poland – vyumba viwili juu ya duka la dawa. Sherehe tuliitazama kwenye skrini ukumbini, kisha mimi, mkurugenzi wa ushirikiano wa kimataifa, nikahutubia. Nilisema kuanzia Oktoba wanafunzi wetu watasomea uuguzi katika chuo cha kule. Makofi marefu. Makamu wa chansela, Profesa Kibii, akaninong'oneza kwamba ningeweza kuwauzia watu wa Dundori mvua, nao wanayo tele.

Jirani yangu Jemutai alikuwa safu ya mbele. Serikali imempa nafasi ya uuguzi Eldoret. Anayetaka Gdansk hana budi kuiachia kabla ya Jumamosi jioni. Anaiachia. Kwa sababu umesema wewe, Daktari, aliniambia.

Jumatano, 13 Agosti

Nimempigia Ogada, mtu wetu kule. Nilitaka nakala ya mkataba tu. Akauliza: mkataba gani? Wale wa chuo cha kule walikuja kunywa chai, wakapigwa picha wakimshika mkono, wakaenda. Hawajatia sahihi chochote. Wanasema jambo letu watalijadili mwakani. Yeye alidhani Profesa amekwisha kuniambia.

Mwakani.

Nimemuuliza tena, polepole. Chai na picha.

Alhamisi, 14 Agosti

Profesa amenipokea vizuri mno. Akaagiza chai – tena chai! Anasema picha imetoka gazetini, baraza limetupongeza, sahihi itafuata tu. Daktari, usituletee stori. Kazi yako ni maneno mazuri. Nikamtajia Jemutai: akiipoteza Eldoret, hapati nyingine hadi mwaka ujao, kama atapata. Akajibu kwamba vijana wana muda mwingi. Halafu, kwa upole, akanikumbusha kuwa ajira yangu inapaswa kuhuishwa Septemba, na anayetia sahihi ni yeye.

Hiyo sahihi ndiyo inayopatikana.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefika langoni kwa kina Jemutai asubuhi, nikarudi. Jioni nimekwenda tena. Mbwa wao hakubweka – amekwisha kunizoea. Kupitia dirishani nilimwona mama yake akipiga pasi gauni. Nikarudi.

Jumamosi, 16 Agosti

Kiamunyi, uani kwa kina Jemutai. Maombi ya kumuaga. Visa bado, lakini majirani hawangoji visa. Turubai, viti vya plastiki, mursik, yale maziwa ya mgando, imeletwa katika vibuyu. Shangazi yake wa Dundori anamchokoza: huko Poland nasikia ni viazi asubuhi, viazi jioni – si ungekuja tu kwangu, uvile bila kupanda ndege? Mama yake amecheka hadi akajifuta macho kwa leso. Profesa Kibii yumo, kiti cha mbele, mguu juu ya mguu. Mchungaji ametangaza kwamba kwaya ikimaliza, Daktari atatupa neno.

Hotuba niliyokuja nayo ni nzuri. Hakuna hata sentensi moja ndani yake ambayo mtu angeweza kuiita uongo. Nimehakikisha hivyo.

Kisha Jemutai akaja kuketi kando yangu, simu mkononi, ukurasa wa kuiachia nafasi ya Eldoret umefunguka. Imebaki kitufe kimoja. Alitaka niwe shahidi wake. Nibonyeze sasa, Daktari, ama tungoje umalize kuongea?

Nikasema, hebu lete niione. Akanipa bila kufikiri. Nikainuka nayo. Nikamwambia nafuata miwani garini.

Niko garini. Nimefunga milango. Simu yake iko pajani mwangu, naandika juu ya usukani. Ningeweza kumwambia yeye peke yake. Lakini mama yake amekwisha kuwaambia watu wote, na watu wote wako hapa, na waliniamini mimi, si Profesa. Basi ni mbele ya wote, au –

Kwaya imefika ubeti wa mwisho. Profesa amegeuka kitini, macho yananitafuta. Na Jemutai anakuja, anatabasamu, anataka kunisaidia kutafuta miwani.

Ninayo usoni.