Bahasha ya Pili ya Posa

Donholm, Nairobi
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa dada yangu Mgeni,

Assalaam alaykum. Natumaini mkono wa barua hii unakukuta mzima huko Malindi kwa shangazi, na lile joto unalolilalamikia halijakumaliza. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama limetulia tangu abadilishiwe dawa, ila domo lake ndilo halijapata tiba. Anakusalimu sana, na kila Ijumaa anauliza utarudi lini. Je, unakula vizuri? Nauliza kwa sababu ninayokuja kukuambia yanataka mtu aliyeshiba.

Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu ipo. Yanayopita kwenye mitambo nimeyaona mno, dada, na haya nataka uyasome wewe peke yako. Nimeifunga bahasha kwa gundi, nikaizungushia selotepu juu yake.

Nianze na habari za Musau, yule fundi wa kompyuta unayemwapiza kila sala. Amefunga duka lake hapa Donholm na kurudi kwao Machakos. Baada ya siri yako kutoka, hakuna aliyempa hata simu ya kutengeneza. Wanawake wa soko walikuwa wakimwona wanafunika skrini zao kwa leso. Mkewe Nthambi alitukanwa bombani mpaka akaacha kuteka maji mchana. Walipopakia vitu, nilisimama mlangoni pa saiba yetu ya intaneti nikawatazama. Nthambi alinipungia mkono, nami nikampungia.

Unajua alivyoingia kwenye jambo hili, lakini hujui yote. Waya wa intaneti wa zahanati ya Dokta Kezia, iliyo ghorofa ya juu, unapita kwanza kwenye saiba ninakofanya kazi. Musau alimfuata Dokta mara tatu kumsihi asimbe data zake, yaani mafaili yageuzwe fujo ya herufi kwa kila asiye na ufunguo wake. Dokta alimjibu kwamba hayo ni mambo ya benki, yeye anatibu kikohozi na minyoo, nani atataka minyoo ya watu? Tena mashine zitakuwa nzito na wagonjwa watalalamika.

Ndipo Musau akafanya ujinga wa mtu mwaminifu. Alimwita Dokta chini kwetu, akaketi kwenye kompyuta namba nne, akaweka programu yake, na kabla chai haijapoa faili la mgonjwa lililokuwa linatumwa tawi lao la Mowlem likaonekana wazi, jina, umri na ugonjwa. Akamwambia, "Dokta, hii kitu yako iko uchi, na inatembea barabarani." Alidhani atashukuriwa. Dokta alipandwa na hasira, akamwita mwizi mbele ya wateja, akamfukuza asikanyage tena jengo lile. Alifukuzwa mbio hata asipate nafasi ya kuitoa programu yake. Ikabaki pale kwenye namba nne.

Wiki mbili baadaye tulipeleka majibu ya posa kwa kina Saad, Ziwani. Wewe ulibaki nyumbani kama ada ilivyo, kwa hiyo uliyoyasikia ni ya kusimuliwa, na kila aliyekusimulia alikuonea huruma akapunguza. Mimi sitapunguza. Kwao, kama ujuavyo, barua ya posa haifunguliwi na mtu mmoja. Inangoja wazee wakae, kisha inasomwa kwa sauti. Asubuhi ile Mzee Fahim, ami yake Saad, alikuta bahasha chini ya mlango imeandikwa "Posa ya Saad", akaiweka kwenye sinia bila kuigusa. Yetu ilipofika ikawekwa juu yake. Katibu wa msikiti, Zaki, ndiye aliyepewa kusoma. Alisoma majibu yetu, watu wakaitikia amina. Akafungua ya pili kwa sauti ile ile ya kutangaza harusi, akasoma jina lako, umri wako, tarehe, na kwamba umetolewa kizazi chote kwa sababu ya uvimbe. Ulimi ulikuwa umetangulia akili. Alipong'amua ni karatasi ya hospitali alikuwa ameshafika kwenye sahihi ya daktari.

Mama yake Saad alikuwa ameshika sahani ya visheti. Aliiweka chini akaanza kuvihesabu. Mama yetu, ambaye ulimwambia mwaka ule wa upasuaji kwamba unakwenda semina Mombasa, alisikia habari za tumbo la mwanawe pamoja na majirani. Saad aliinua macho, akamtazama kila mzee aliyekuwemo, akatoka nje. Jioni posa ikarudishwa.

Dokta Kezia alipoulizwa alikimbilia kompyuta namba nne. Programu ya Musau ikakutwa mle, na kesi ikaishia hapo. Njia ilikuwa wazi kwa kila mtu, basi wakamchagua aliyewaonya.

Mwezi uliopita nilikutana na Saad karibu na soko. Alinieleza kwamba alikuwa anajua. Ulimwambia mwenyewe kabla hajaleta posa, naye akaridhia. Alisema angeweza kuishi na jambo lile maisha yake yote, lakini hakuweza kuishi na wengine wakilijua. Nilikwenda nyumbani nikalala na viatu.

Sasa, dada, kumbuka posa yangu mimi. Kumbuka ulivyokwenda kwa kina Abrar kwa miguu yako kuwaambia kwamba nilikuwa naanguka kifafa utotoni, nao wakarudisha posa. Mama alipokuuliza, ulisema watu wa ndoa lazima waambiwe ukweli, kisha ukaniletea maandazi. Nilikula yale maandazi. Miaka minne sijamaliza kuyameza.

Siku ile Musau anaonyesha, nilisimama nyuma ya kiti chake. Nilijifunza mahali pa kubonyeza. Nilikuwa nachungulia tu, kujifurahisha na siri za majirani, mpaka ulipopanda kwa Dokta na maumivu yako, na Mowlem, walikokuhudumia baada ya upasuaji, wakatuma faili lako la zamani. Lilipita mbele yangu kama gazeti. Nililichapa, nikaandika bahasha, nikaipeleka Ziwani alfajiri. Kama Dokta angesikiliza, ningeona takataka tupu, na chuki yangu ingebaki tumboni mwangu ilimozoea. Leo ungekuwa mke wa mtu. Simlaumu yeye. Mlango ulikuwa wazi, lakini miguu ilikuwa yangu.

Jambo la mwisho. Dokta amesimba kila kitu sasa. Alitafuta mtu wa kushika ufunguo, akasema hakuna atakayeuchunga kuliko mtu ambaye dada yake aliumizwa. Ninaanza kazi kesho asubuhi.

Msalimie shangazi, na umwambie vitenge vyake nitavituma. Mama anakuombea afya, nami sijui nikuombee nini. Ila ukiinua mikono jioni hii, toa jina la Musau kwenye ile dua yako. Weka langu. Unalijua vizuri, ulinichagulia mwenyewe siku niliyozaliwa.

Ni mimi mdogo wako,
Rufaida